Skrubu za Banda la Baba

Baba alipopata kiharusi, mdomo ulikataa, mkono wa kulia ukakataa, lakini ng'ombe wake hakuambiwa. Saa ya kukamuliwa ikifika alilia tu, na Baba akimsikia alianza kusukuma blanketi kwa mkono wa kushoto. Ndivyo alivyokuwa akiamka. Dawa, mazoezi, maombi ya akina mama wa kanisa, hakuna kilichomtoa kitandani isipokuwa huyo ng'ombe mmoja mwenye mimba na tabia mbaya.

Ndugu zangu walitaka auzwe. Si kwa ubaya. Kwetu ni ule upande wa Ruiru ambao lami haijafika, udongo ni mweusi, na mvua ikishika unang'oa gambuti kwa mikono miwili. Zizi la zamani lilikuwa limeoza, na mnyama alisimama kwenye tope mpaka kwato zikaanza kunuka. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Juja, aliandika kwenye grupu ya familia kwamba kama banda jipya halitakuwa limesimama kabla ya mvua, anakuja na pikapu. Wote wakaweka kidole gumba cha kukubali. Nikajibu kwamba litasimama. Mimi huyo, mfungashaji sabuni kwenye kiwanda Thika, ambaye sijawahi kujenga hata kibanda cha kuku.

Nguzo za mkaratusi zililetwa zikiwa mbichi, bado zinatoa maji. Nikaingia hadiwea pale Thika nikauliza: misumari au skrubu? Haki, ungedhani nimeuliza mambo ya siasa. Mwenye duka alisema misumari, kwa sababu banda la nguzo hucheza na upepo, na msumari hupinda ukacheza nalo, lakini skrubu inakatika. Mzee aliyekuja kununua bawaba akamkatiza. Upepo wa huko kwenu, akaniambia, hausukumi, unainua. Mti mbichi ukikauka unauachilia msumari na paa linaenda zake, lakini skrubu ina meno, inauma. Walibishana wee, wamenisahau kabisa, na mimi nimesimama hapo na pesa mkononi. Mwishowe nikachukua skrubu, zile ndefu, na bisibisi kubwa kuliko zote waliyokuwa nayo, maana stima ya kwetu huja inapopenda na singetegemea mashine.

Fundi alikuwa jirani yetu, mtu mpole, aliyejenga nusu ya vibanda vya barabara yetu. Nilimkabidhi kila kitu nikarudi kazini.

"Usijali, Mama," aliniambia. "Jumamosi utapata ng'ombe amelala ndani."

Na kweli nilimpata ndani. Banda limenyooka, mabati yanang'aa, vichwa vya skrubu vimekaa mstari mmoja. Nikapiga picha nikaituma kwenye grupu. Kaka akaiona akaweka kidole gumba, na mimi nikafurahi vibaya sana.

Baba alikuwa kwenye kiti chake nje ya jikoni, pale alipokaa wiki nzima akitazama kazi. Alinivuta sweta. Akakunja ngumi akagonga goti, akatikisa kichwa, halafu akazungusha vidole hewani polepole. Akarudia. Macho yake yalikuwa yananisihi. Nikadhani anataka redio. Nikamletea, nikazungusha kitufe mpaka nikapata nyimbo za kanisa. Baba aliiangalia ile redio, akageuza uso.

Mvua ilikuja alasiri moja nikiwa nyumbani, imetanguliwa na upepo. Paa liliinuka upande mmoja, taratibu, likasita hewani, kisha likaangukia migomba. Ng'ombe alikuwa ameshatoka mbio. Alisimama kwenye tope, mzima, anatetemeka. Niliokota boriti moja, nikashika skrubu kwa vidole viwili, ikatoka. Nikashika nyingine, ikatoka. Tundu lilikuwa laini kwa ndani, nyuzi za mti zimesagika. Nikaenda kuangalia stoo. Bisibisi ilikuwa dirishani, bado imo kwenye karatasi ya duka.

Fundi alikuja na gunia kichwani.

"Skrubu tunapiganga na nyundo, Mama," alisema. "Halafu mwisho unamalizia kwa kuzungusha kidogo."

"Na ulizungusha?"

"Zilikuwa zimeingia zote."

Hakuwa anajitetea. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo. Nilitaka kumrukia. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo mtu aliyeokoka hasemi. Lakini alikuwa amelowa chepechepe, anaangalia lile paa kwa huzuni ya kweli, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Ndipo nikamwelewa Baba. Miaka yake yote alikuwa akirekebisha mabanda ya shamba la kahawa. Alizitazama zile skrubu zikipigwa moja moja, wiki nzima, akijua, na hakuwa na mdomo wa kumzuia mtu. Aliponiambia mimi, nilimfungulia redio. Niliumia mpaka nikashindwa kumwangalia.

Kaka alifika kesho yake asubuhi na pikapu na wanaume wawili. Sikuweza hata kumchukia. Alichuchumaa kwenye tope akakagua kwato.

"Akizaa hapa tutawapoteza wote wawili," alisema.

Nikaenda kuleta kamba.

Ng'ombe alikataa kupanda. Waliweka ubao, wakamvuta, wakamsukuma, akatanua miguu akapanda mori. Kaka akawaambia waache, wasije wakaharibu mimba. Hakuna aliyemwomba Baba chochote, lakini sote tulikuwa tumemgeukia. Akaniashiria nisogeze kiti chake. Nikakisogeza mpaka ubavuni mwa gari.

Akaita. Ni ile sauti yake ya wakati wa kukamua, ulimi ukigonga juu ya kinywa, na kiharusi hakikuwa kimeichukua. Ng'ombe akasimamisha masikio. Baba akaita tena, akipapasa ubao kwa mkono wa kushoto, na ng'ombe akapanda mwenyewe, bila kuguswa na mtu. Kaka alifunga mlango wa nyuma haraka, lakini Baba aliendelea kuita.