Majibu ya Baba Kuhusu Ngalula

Baba yangu aliwahi kutia sahihi karatasi iliyomsema vibaya binti yake mkubwa, na hakujua. Maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Ninaikumbuka kila ninaponusa tisheti mpya, ile harufu kali ya rangi ambayo haijaguswa na maji hata mara moja. Yaya Ngalula, dada yangu, alirudi Likasi na tisheti ya namna hiyo mwishoni mwa likizo kubwa. Upepo wa Agosti ulikuwa umeshaupaka mtaa mzima vumbi jekundu, na tisheti yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kuudhi. Alikuwa amekaa Lubumbashi majuma matano, katika programu ya kuwaandaa wanafunzi kwa chuo kikuu. Waliianzisha Wakongomani waishio Ulaya, ambao kila mmoja alikuwa amesoma huko akiwa mweusi peke yake darasani. Hawakutaka watoto wa kwetu waingie chuoni na hofu waliyoingia nayo wao. Likasi ilipewa nafasi tatu tu. Moja ilikuwa ya Ngalula, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja wa sekondari. Zamu yangu ilikuwa bado, ingawa barua yake ya maombi niliinakili mimi, kwa kuwa mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku.

Siku ya kwanza alisema "kule Lubumbashi" mara kumi na moja. Nilihesabu, nikaandika daftarini. Mama alimpa kipande kikubwa cha samaki. Majirani walikuja kumtazama kana kwamba ameolewa.

"Weye iko na wivu," aliniambia tukiosha sahani.

"Minye? Wivu ya nini? Ya tisheti?"

"Franchement, inaonekana ku macho."

Juma la pili ikaja fomu kutoka kwa waandaaji: wazazi waipime programu, waseme ukweli, ili ijulikane kama iendelee au la. Nyumbani kazi ya karatasi ilikuwa na utaratibu wake. Baba alikuwa amevunja mawe machimboni Kakontwe miaka mingi, na vumbi la chokaa lilikuwa limemwachia macho yasiyoona herufi ndogo. Basi yeye alitamka kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kifaransa, kisha nikamsomea, ndipo akatia sahihi. Hata majirani waliniletea karatasi zao, na mtaani jina langu lilikuwa Sekretere.

Juu ya fomu iliandikwa: tumia kalamu ya wino, usifute. Maswali matatu ya kwanza yalikuwa mepesi: safari, chakula, malazi. La nne liliuliza mtoto amebadilika vipi nyumbani. Baba alijikuna kidevu.

"Andika asema amerudi na sauti. Mbele alikuwa anaangalia chini tu. Sasa anauliza. Juzi ameniuliza juu ya hii kikohozi yangu, kama kule ku kazi balikuwa banatupatia kitu ya kufunika mapua. Hakuna muntu alikuwa ameniuliza vile."

Kikohozi kile nilikuwa nimekisikia kupitia ukuta maisha yangu yote, na sikuwahi kuuliza. Ningeweza kuona aibu. Niliona wivu. Nikainama, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Amerudi na kiburi. Hawaheshimu wazazi. Hatuoni faida ya programu hii."

Swali la tano liliuliza kama kuna mtoto mwingine ambaye wazazi wangependa ashiriki. Baba hakungoja nimalize kulisoma.

"Andika jina yako."

"Yangu?"

"Kwani kuko mwingine? Andika asema huyu ndiye mwenye akili zaidi, bamungojee."

Nilitazama jibu la nne. Wino ulikuwa umekauka. Nikaandika jina langu chini ya uongo wangu.

"Nisomee."

Nikamsomea kila alichosema, neno kwa neno, bila kuitazama karatasi. Akatia sahihi.

Mwaka uliofuata programu ilichukua watoto wa Lubumbashi na Kolwezi. Likasi haikupata hata nafasi moja, na haijapata tena. Hakuna aliyeeleza sababu. Leo kazi yangu mwenyewe ni kupanga masomo ya likizo, na fomu za wazazi ninazisoma mimi. Ninajua programu inaweza kufungwa kwa kukosa chumba au mafuta ya gari. Lakini Likasi ilituma fomu tatu tu.

Wakati ule nilidhani sifa za nyumbani zinagawanywa kama samaki wa Mama: mmoja akipewa kipande kikubwa, mwingine anabaki na mkia. Nilichelewa kuelewa kwamba zangu Baba alikuwa nazo tayari, zilingoja swali moja tu.

Baba amefariki. Juzi Ngalula, ambaye sasa ni daktari Lubumbashi, alinipigia simu. Programu imemwalika azungumze na wanafunzi, naye amewaomba wamtafutie fomu ile.

"Sekretere, si weye uliandika? Unakumbuka Baba alisema nini juu yangu?"

"Nakumbuka yote, Yaya."

"Basi usiniambie. Nataka nisome minye mwenyewe."

Wamemjibu kwamba karatasi za miaka ile zimo katika masanduku mawili stoo, na mwenye ufunguo atarudi kazini Jumatatu. Leo ni Alhamisi.