Mfuko Uliotoka Mzito

Alhamdulillahi, Yeye ndiye aliyetufikisha uzeeni na kumbukumbu zetu. Leo nimesikia harufu ya makuti ya mtende yanayoungua, nikaikumbuka Idi yetu ya kwanza hapa ugenini, tulipotoka Unguja.

Mtaa mzima ulioka nyama katika shimo moja la makaa lililofukiwa usiku kucha, kila nyumba na mfuko wake wa makuti. Mama aliufunga mfuko wetu kwa kipande cha kanga ili autambue, akaninong'oneza, "Watatuibia hawa."

Kesho yake mfuko ulitoka mzito kuliko ulivyoingia. Mama akaruka. "Mmetia nini humu?"

Jirani akacheka. "Mbavu za mbuzi wangu, ukhti. Nyama yenu ilikuwa kidogo."

"Basi anza kula wewe!"

Jirani akala, akaramba vidole. Mama alimtazama kwanza kama ataanguka, ndipo akatugawia.

Msomaji, Mola akujaalie jirani kama yule.