Vidonge vya Kufungua Mgongo

Nimewahi kuwa utingo, mchuma kahawa huko Mbozi, na mlinzi wa ghala la mahindi Nanyala. Kote huko niliondoka au niliondolewa kwa sababu moja: maswali. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Ndiyo maana dada yangu aliponiomba nimsindikize kituo cha afya hapa Tunduma, nilivaa shati la Jumapili.

Yeye hakuwa na furaha. Alikuwa ameolewa muda wa kutosha kwa mama mkwe wake kule Chitete kuanza kumsalimia akimtazama tumbo badala ya uso. Alitaka mtoto kuliko kitu kingine chochote. Mume wake, dereva wa malori, hakuwahi kumlaumu hata kwa neno moja, na ukimya huo ulimuuma zaidi. Sasa kichwa nacho kilikuwa kinamgonga kila jioni.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimpima akakuta presha iko juu.

"Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna."

"Na zile za asubuhi?" nikadakia.

Dada akanigeukia. "Zile si dawa. Zile ni za kazi."

Ikabidi nieleze. Dada anauza mchele, na huubeba kichwani kuvuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, yeye na wanawake wenzake. Kabla ya kunyanyua mizigo wanakaa juu ya magunia, wanazungusha chupa ya chai na vidonge vya maumivu, kila mmoja anameza. Kumeza huko wanakuita kufungua mgongo. Leo huyu ana zamu ya maandazi, kesho yule ana zamu ya vidonge, na asiyemeza anaonekana anajidai. Hata mimi nimewahi kufunguliwa mgongo ambao haukuwa umefungwa.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema mwili hutengeneza kemikali zake zinazoitwa prostaglandini. Ndizo huleta maumivu, lakini zina kazi nyingine nyingi. Kila mahali zinapofanya kazi kuna vipokezi vyake, vya kupokea ujumbe wake: kwenye kuta za mishipa, ili ilegee, kwenye figo, ili chumvi itoke, na kwenye kifuko cha yai, ili yai lichomoke. Vidonge vile huzuia prostaglandini zisitengenezwe.

"Kwa hiyo vipokezi vinakufa?" nikauliza.

"Havifi. Ni kama simu. Ziko wazi, zina chaji, ila hakuna anayepiga."

Akaongeza kwamba panya wa maabara waliozaliwa bila aina mojawapo ya vipokezi hivyo walizaa watoto wachache, na wakilishwa chumvi nyingi presha inapanda. Nilishika kiti. Kitu kimoja kidogo, kisichoonekana, kinagusa damu na uzazi kwa pamoja! Niliona kama nimefunuliwa siri ya ulimwengu, na dada akaona namna nilivyotabasamu.

"Usicheke, mdogo wangu. Ni mimi ndiye mgonjwa."

"Siahidi kitu, mama," daktari akasema. "Si kila anayevimeza hukosa mtoto. Lakini acha vidonge, punguza chumvi, uje nikupime tena."

Kesho yake nilisimama mbele ya magunia nikawafundisha wanawake wote.

"Profesa huyu, aliyeiacha shule kabla ya shule kumjua," mmoja akasema.

"Mimi nimemeza miaka yote, na watoto wamejaa nyumbani," akasema mkubwa wao.

"Basi mama, simu zako zinajipigia zenyewe."

Walicheka hadi chai ikamwagika. Lakini zamu ya vidonge ilikufa siku hiyohiyo, bila mkutano.

Tatizo likawa migongo. Bila vidonge, gunia ni gunia kweli. Nikakodi mkokoteni nikawa nawasukumia, mimi ambaye sijawahi kukaa kwenye mji mmoja hadi viatu vikachakaa. Presha ya dada ikashuka. Nikashangilia peke yangu.

"Presha imeshuka, sawa," akasema. "Sikwenda kule kwa ajili ya presha."

Mvua zikaanza, barabara zikawa tope. Asubuhi moja akakataa kuisogelea chupa ya chai, alisema inanuka. Wanawake wakatazamana. Mkubwa wao akamtua gunia alilokuwa analipeleka kwenye mkokoteni, bila kumuuliza, na mimi nikatumwa kumpeleka kwa daktari mbiombio.

Alitoka kwenye chumba cha kipimo ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa na mimba. Kama ni kuacha vidonge au ni wakati wake tu ulikuwa umefika, sijui, na daktari naye hakudai kujua.

Shemeji alikuwa kwenye foleni ya malori, anasubiri geti la mpaka lifunguliwe. Dada akapanda ngazi ya lori, akamwambia kitu sikioni. Shemeji akaweka mkono kwenye honi, akauacha hapohapo.

Huko nyuma madereva waliokuwa wanasonga ugali kando ya matairi wakazima majiko, wakaruka ndani, wakawasha injini. Moshi ukatanda. Mmoja akanijia anakimbia, mwiko mkononi.

"Geti limefunguliwa?"

"Bado, kaka."

"Sasa huyu anapiga honi ya nini?"

Nikamshika bega, nikaanza kumweleza tangu kwenye vipokezi.