Kurudi na Kidumbak Kutoka Pickering

Nilikwenda Pickering kwa sababu nilivunja kitu kisichokuwa changu, kisha kwa siku kumi na mbili nikamwacha mwenyewe aamini kwamba amekivunja yeye.

Kitu chenyewe ni kidumbak, ile ngoma ndogo ya udongo yenye tumbo juu na shingo nyembamba chini, iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Shangazi Zuhura, ninayeishi naye hapa ughaibuni, Etobicoke, tangu nimalize chuo, alikuwa navyo viwili. Alivipakata kwenye ndege kutoka Unguja kabla mimi sijazaliwa. Kimoja sauti yake nyembamba, kingine nzito, na yeye na wenzake hawapigi kimoja bila kingine.

Jioni moja alikisahau kile chenye sauti nzito kwenye buti la gari, theluji ikaanguka mpaka asubuhi. Nikatumwa nikakilete. Kilikuwa kizima, ila baridi kama kipande cha barafu, na nilipokigonga kikalia kama kopo. Nikafanya jambo ambalo kila mtoto wa kwetu ameliona likifanywa kabla ya ngoma kuanza: nikakipasha moto. Moto wenyewe ulikuwa hita ya sebuleni. Nikakilaza juu yake, nikaenda kunawa uso. Niliporudi nilikuta ufa kutoka mdomoni hadi shingoni.

Nilikiweka mezani nikijiandaa kusema. Shangazi akatoka chumbani, akakiona, akakaa chini taratibu. "Baridi hiyo," akasema. "Nimekiua mwenyewe kwa usahaulifu wangu." Nami nina shahada mbili, na neno moja sikulipata.

Harusi ya binti yake, Salma, ilikuwa Jumapili, na Jumamosi alasiri wanawake wangekusanyika kwetu kumpigia ngoma. Basi nikatafuta usiku na mchana hadi nikampata Achieng', muuguzi kutoka Kenya anayefinyanga ngoma za udongo kwenye gereji yake huko Pickering, upande wa pili wa jiji. Alikuwa na nafasi siku ileile ya Jumamosi, asubuhi.

Saa moja asubuhi, Etobicoke. Nilisimama mlangoni na begi lenye blanketi mbili, kanga tatu, sponji, tepu, na daftari la maswali ishirini na sita. Shangazi alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Unahama?"

"Nafuata ngoma, Shangazi."

"Haya. Rudi kabla ya saa kumi, maana Bi Mwanaidi akikaa bila ngoma huanza kutoa hotuba." Kisha, sauti ikishuka: "Mungu akulipe, mwanangu. Unanifutia kosa langu."

Nilitembea hadi kituo cha basi na maneno hayo, na kituoni nikawa nayo bado.

Saa mbili na nusu, ndani ya treni. Nilibadilisha treni mara mbili chini ya ardhi kisha nikapanda treni ya juu, ile ya ghorofa mbili inayokwenda mashariki. Nawaambieni, nyinyi wa nyumbani mliokuwa mnaniuliza kama huku kuna cha kutazama: ziwa lilikuwa limeganda kandokando, na katikati maji meusi yakifuka moshi kama sufuria ya chai. Jua likapiga juu ya barafu, behewa zima likajaa mwanga. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini nilikuwa nakwenda kuona ngoma zikizaliwa, na tangu nihitimu sijawahi kwenda mahali kwa hamu namna ile. Usaili wa kazi hauna hamu ya hivyo.

Saa nne kasorobo, Pickering. Nyumba za mtaa ule zote ni za matofali mekundu na zimefanana, nikaipita ya Achieng' mara mbili nikihakiki namba. Mara ya tatu mlango wa gereji ukainuka nusu, sauti ikatokea chini yake.

"Wewe ndio ule kijana wa meseji kumi na nne?"

"Ndiyo, dada. Samahani."

"Ingia haraka, unaniletea watoto baridi."

Watoto walikuwa ngoma. Zilijaa kwenye rafu tangu sakafuni hadi darini: nyingine mbichi, zina rangi ya kijivu na alama za vidole, nyingine zimetoka kwenye tanuri la umeme lililokuwa kona, nyekundu kama vigae. Ndoo ilikuwa na ngozi za mbuzi zilizolowekwa, harufu yake kali kidogo. Achieng' alikuwa bado amevaa sare ya hospitali, udongo umemfika kwenye viwiko.

"Nyanya yangu alifinyanga mitungi kule Nyanza," alisema. "Mimi nilidharau, nikakimbilia uuguzi. Sasa nikitoka zamu ya usiku, badala ya kulala naja hapa. Leta hiyo sauti yako."

Nilikuwa nimerekodi kidumbak kilichobaki, kile chembamba, mara kumi na saba. Alisikiliza mara moja tu. Akagonga ngoma ya kwanza, akatikisa kichwa. Akagonga ya pili. Ya tatu ilipolia nilisikia nywele zikinisimama mikononi: ilikuwa sauti nzito, ya duara, ikimjibu mwenzake wa ndani ya simu kana kwamba wamelelewa nyumba moja.

Nikanyoosha mikono. Akaniwekea kiganja kifuani.

"Kwanza vua pete. Ukipiga na pete utatoboa ngozi au utagonga ukingo umeguke." Nikavua. "Sasa ibebe."

Nikaishika shingoni, kama chupa. Alinichapa mkono. "Hapo ndipo vipande viwili vimeunganishwa, ndipo pepesi kuvunjika. Mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine unashikilia tu. Sasa iweke chini."

Nikaisimamisha kwa shingo yake.

"Paka akipita?"

Nikaichukua tena, nikailaza ubavu juu ya mto. Nilipotoa daftari alilifunga. "Usiandike. Onyesha." Basi nikaonyesha: kuifuta kwa kitambaa kikavu, si cha maji, kuipumzisha mbali na dirisha na mbali na hita. Aliponiona nimechangamka aliniuliza swali lake mwenyewe.

"Nyinyi watu wa pwani, kwa nini mnapasha ngoma moto?"

"Ili ngozi ikaze."

"Nani ameilegeza?"

Nilifikiri. "Unyevu. Hewa ya bahari."

"Na hapa unaona bahari?" Aliendelea kufunga kamba ya ngoma nyingine huku akisema. "Huku majira ya baridi nyumba ina moto mchana na usiku, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Ngozi inajikaza yenyewe, hata inazidi. Wekea chumba bakuli la maji, usiiongezee moto. Mgonjwa ameshakunywa dawa, wewe unampa tena? Na udongo uliotoka baridini ukiuwekea joto la ghafla, upande mmoja unapanuka kabla mwingine haujapata habari. Unapasuka. Uache umefungwa hivyohivyo masaa mawili, upate joto pole pole. Cha kwenu kilipasukaje?"

Nikamweleza. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

"Na shangazi anajua?"

"Bado."

"Mm," akasema, akarudi kwenye kamba yake. Ile "mm" niliipima njia nzima ya kurudi, nikaipa maana tisa.

Saa sita na nusu, kurudi. Tuliifunga kanga tatu, sponji, kisha blanketi, nikaiweka kifuani na kufunga koti juu yake. Kwenye treni nilihama viti mara nne, kwa sababu kila kiti cha dirishani kina hita miguuni. Mwisho nikasimama mlangoni nimekumbatia furushi. Bwana mmoja aliliona ua la kanga likichungulia kwenye ukosi wangu, akasikia nikinong'ona "taratibu, taratibu," akainuka kunipisha.

"Kaa, baba," akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo. "Mtoto iko na miezi ngapi?"

"Ametoka kwenye tanuri juzi," nilijibu bila kufikiri. Alinitazama, akaenda kusimama behewa jingine.

Saa tisa na nusu, nyumbani. Wanawake wanane walikuwa wamekaa sebuleni, mikono ya Salma ina hina mpaka viwikoni. Walipoona furushi wakapiga vigelegele hadi nikasahau kuvua viatu. Shangazi alilipokea. Mkono wa pili alikuwa na draya ya nywele, imeshawashwa.

"Subiri, Shangazi. Iache imefungwa masaa mawili."

"Ngoma baridi ipigwe? Tangu lini?"

"Mfinyanzi amesema."

"Mfinyanzi wa Pickering ndiye atufundishe ngoma!" akasema Bi Mwanaidi, rafiki yake wa miaka mingi, na sebule ikacheka. Shangazi akaanza kufungua fundo la kwanza la blanketi.

Hapo niliona wazi njia zilikuwa mbili tu. Nikinyamaza, atakipasua cha pili kwa mkono wake, na safari hii kosa litakuwa lake kweli.

"Kile cha kwanza hakikufa kwa baridi," nikasema. "Kilifika ndani kizima. Mimi nilikiweka juu ya hita. Ulipojilaumu, nikanyamaza."

Draya ilikuwa bado inavuma. Salma, ambaye siku zote husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alisema, "Mama, zima." Shangazi akazima. Hakunitazama. Alilifunga tena lile fundo, akalilaza furushi ubavu juu ya mto wa kochi, na akaenda jikoni. Alirudi na birika, akamimina chai kwa kila mtu, mimi akanivuka.

Masaa mawili nilikaa sakafuni pembeni ya furushi. Bi Mwanaidi alitoa hotuba, tena ndefu. Nilikwenda kujaza bakuli la maji, nikaliweka chini ya dirisha, na hakuna aliyeniuliza la nini.

Saa kumi na moja na nusu Shangazi alipenyeza mkono ndani ya kanga. Udongo haukuwa baridi tena. Nikamwambia pete hutoboa ngozi. Akavua zake tatu, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akapakata kidumbak na kukigonga. Bi Mwanaidi akajibu na kile chembamba. Wakatazamana. Wakagonga tena, kwa kasi, na Salma akaanza kulia na kucheza mabega kwa wakati mmoja, hina imeinuliwa juu isiharibike.

Nilidhani safari ile imenifundisha kubeba udongo. Imenifundisha pia kwamba kimya changu kilikuwa hita nyingine, na aliyelazwa juu yake alikuwa Shangazi.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha alisimama, akaenda jikoni, akarudi na kikombe kimoja. Akanipa mkononi.

"Kunywa. Nimekupoozea kwanza," akasema. "Umetoka baridini, usije ukanipasukia."