Kitambaa cha Mama Asimwe

Nakumbuka siku moja hapa Bugomora, siku ya kumuaga dada yangu Koku akaolewe, nilipokosa pa kuweka uso. Mwanangu, bado sijazeeka, lakini mimi ni shangazi yako, na wewe umeanza kushika cherehani. Kuyasema haya kwa mdomo siwezi, ndiyo maana nayaandika.

Nilikuwa nimemshonea Koku shuka la vipande vya vitenge. Kila mama jirani alileta kipande cha kitenge alichowahi kuvaa, ili bibi harusi ajifunike majirani zake huko aendako. Nilivipandisha kimoja juu ya kingine, chekundu juu ya cha njano, cha bluu juu ya chekundu, mpaka mtu asijue rangi moja inaishia wapi.

Jirani yetu Mama Asimwe, mjane, alileta kilichopauka, chenye madoa ya utomvu wa ndizi, yale yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Kisha nikakishona chini ya chekundu, kisionekane hata kidogo.

Siku ya kumuaga, shuka likatandikwa mkekani. Akina mama wakainama kutafuta vipande vyao.

"Hiki changu. Nilikivaa nikiwa mwembamba."

"Mwembamba lini? Sisi tulikuwa wapi?"

Wakacheka. Mama Asimwe alilizunguka shuka mara mbili, kisha akaniuliza, "Mwanangu, changu umekiweka upande gani?"

"Kiko kwa ndani, mama. Kinashikilia vingine," nikadanganya.

Akapapasa kwa vidole mpaka akafika penye unene. Akasema taratibu, nikasikia mimi tu, "Umekionea aibu kitambaa, au umenionea mimi?"

Nikainama, nikaanza kulikunja shuka. Koku akaondoka na shuka lake, watu wakilisifu. Wiki mbili nzima nilipita nyuma ya migomba nisikutane na Mama Asimwe. Nilipokwenda kuomba radhi, alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, akasema yameisha. Kwangu hayajaisha. Kile kitambaa bado kiko chini, na kukitoa ni kulifumua shuka lote.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuletea kitu chake, kiweke mahali atakapokiona. Kama hukitaki, mwambie kwa adabu akiwa bado mbele yako. Usishukuru kisha ukakifunika. Na ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ulimi ni mzito.

Mungu aibariki mikono yako, na akupe moyo mwepesi kuliko wangu.