Landrova ya jirani

Jamani, leo nimembembeleza jirani aniwashie kelele!

Hii baridi ya huku kwetu Suji, milimani, mnaijua. Baba Anaeli huwasha Landrova yake alfajiri, anaiacha ingurume weee mpaka ipate moto, ndipo ateremshe tangawizi mjini Same.

Jana nikarekodi, nikairusha kwenye grupu la familia: "Sikieni ninavyoteswa!"

Wote wakacheka, kasoro mwanangu Elirehema. Yuko Dar, hajapanda huku tangu tumzike baba yake. Akanipigia.

"Mama, tuma tena. Ndefu kidogo. Nimesikia mpaka mlango wetu wa jikoni."

Basi leo nikajifunga blanketi, nikatoka na simu. Baba Anaeli kuniona tu, akazima!

"Samahani, Mama Elirehema. Najua nakusumbua."

"Washa, baba! Mtoto anataka kuisikia."

Akanitazama. Akawasha, akakanyaga mafuta mpaka mbwa wote wakaamka. Kisha akainamia simu yangu:

"Eli! Kiti cha mbele ni chako. Sema siku tu, nikufuate stendi Same."

Nimetuma.

Nyie mlio mbali, kelele gani ya nyumbani mnaikumbuka?

Tiki zimeshakuwa za bluu. Eli bado hajajibu. Nimekaa na simu mapajani, chai imepoa.