Maonyo Niliyoyafuta

Nilikana mwezi mzima, leo naungama: ni mimi niliyefuta maonyo kwenye programu ya seva inayotunza mafaili ya zahanati zetu. Yalijitokeza kila asubuhi kwenye kompyuta zote, nami na shahada yangu ya kompyuta nikayaita kelele, nikayafagia. Kumbe moja lilikuwa la kweli: diski inakufa. Ikafa na rekodi za chanjo za watoto wote. Nikalaumu umeme, nikalaumu hata unyevu wa ziwa.

Ndipo Zubeda, muuguzi wa zahanati ya Kidahwe, akapiga simu.

"Shikamoo, dada. Seva ilipoacha kulalamika niliogopa, nikanakili rekodi zote kwenye flashi. Ninayo hapa. Ila nani aliinyamazisha?"

Nilishukuru hadi machozi. "Ni mimi, mdogo wangu."

"Tunajua, dada. Tulikuwa tunasubiri useme."